Mji wa Bawabu

Gwamaka aliingia anacheka, na kicheko hicho kilimtisha Atuganile kuliko kama angeingia analia.

"Atu, hebu amua wewe," alisema hata kabla hajaketi. "Huyu binti yangu ananiambia mimi na wewe tumezaliwa Tukuyu. Nimemwambia jina ni zuri, lakini huko mimi sijapata kufika."

Tumpe, binti yake, alibaki mlangoni. Hakuamkia. Mtoto aliyelelewa vizuri akipita bila kumwamkia shangazi yake, ujue maji yamemfika shingoni, na Tumpe alilelewa vizuri mno. Nusu ya malezi hayo aliyapata katika nyumba hiihii ya Gangilonga, mjini Iringa, maana baba yake na Atuganile walikuwa marafiki tangu utotoni, wakaitana kaka na dada mpaka watu wakasahau kwamba si wa tumbo moja.

"Mwoneshe," Tumpe alijiambia mwenyewe kwa sauti, kisha akatoa simu na kuiweka mbele ya baba yake.

Picha ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya bati jekundu, migomba imeizunguka pande zote. "Nyumba nzuri," Gwamaka alisema. "Ya nani?" Picha ya pili ilikuwa ya kaburi la saruji lililopakwa chokaa. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anavyoutazama msiba wa jirani asiyemfahamu.

"Poleni," alimwambia binti yake. "Ni nani huyu?"

"Ni bibi, baba. Mama yako."

"Mama yangu namkumbuka." Kwa mara ya kwanza Gwamaka alikunja uso. "Uso wake ninao, sauti yake ninayo. Ila sioni amesimama wapi. Nikimkumbuka, nyuma yake pako peupe."

Hapo Tumpe alimgeukia Atuganile. "Jumamosi alikwenda Jumba la Michezo ya Kale, kucheza ule mchezo wako, Shangazi. Wakamvika ile kofia yao inayomwingiza mtu ndani ya mchezo. Akafika langoni, kitendawili kikamshinda, bawabu wa mchezo akamwambia nipe mji, naye akatoa. Si ndivyo tulivyokuwa tunacheza? Unashindwa, unatoa Mbeya, unatoa Ulaya nzima, mnacheka, mwenzako anakupa jibu, mnakwenda kula. Sasa baba ametoa Tukuyu, na Tukuyu imekwenda kweli. Daktari amempima kichwa chote. Anasema hakuna ugonjwa, kuna shimo."

"Msimlaumu bawabu," Gwamaka alisema. "Yule ni muungwana. Alinionya kwamba mji hautakuwa wangu tena mpaka jibu litoke. Nikamwambia chukua, mtunzi wako ni dada yangu, mimi jibu nitalipata kabla ya chai." Akamwinamia Atuganile, macho yakimng'aa kama ya mtoto aliyeona mkoba wa mgeni. "Tangu ujana nakuuliza, unanizungusha. Leo hukwepi. Jibu lipo, si ndiyo?"

Atuganile alimtazama rafiki yake, akamtazama na Tumpe aliyekuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

"Lipo," alisema.

Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi sana maishani hata likawa linatoka lenyewe. Lakini halikupata kumuunguza ulimi namna ile. Kwa sababu jibu halikuwepo. Halikupata kuwepo hata siku moja.

*

Si rahisi kumweleza mtu wa leo jinsi michezo ilivyokuwa Atuganile alipoanza. Hapakuwa na kofia, hapakuwa na picha. Palikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani, na mashine moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma katika chuo cha ualimu alikofundisha hesabu, kitambaa ambacho mkuu wa chuo alikithamini kuliko mashine yenyewe. Mchezo ulikuwa maneno matupu. Mashine inaandika: *Uko njia panda. Kaskazini kuna moshi.* Nawe unaandika: *NENDA KASKAZINI.* Ukiandika isichokijua, inakujibu: *Sielewi,* na watu walikuwa wakigombana na hilo "sielewi" kama wanavyogombana na mke au mume.

Michezo ya namna hiyo ilikuwepo nchi za watu, kwa lugha za watu. Atuganile aliandika wa kwake kwa Kiswahili, akauita *Lango la Rungwe*, na badala ya mazimwi na mapanga akajaza vitendawili. Kila lango lilikuwa na mtegaji wake, na la mwisho lilikuwa na Bawabu. Gwamaka, wakati huo karani wa chuoni, ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza wa kila kitu. Alichora ramani kwa kalamu ya risasi nyuma ya mifuko ya sukari, akapotea, akarudi, akalalamika, na Atuganile akarekebisha. Baadaye mchezo ulisafiri nchi nzima kwenye disketi zilizobebwa na makondakta wa mabasi, kisha ukahamia kwenye simu, mtu anatuma ujumbe *KUSINI* anarudishiwa dunia.

Sasa, mashine ile ilikuwa na nafasi ndogo. Maneno yote ya mchezo hayakufika hata ya kitabu cha darasa la pili. Atuganile alikuwa na desturi yake: huandika vitendawili kwanza, majibu baadaye, kwa kuwa jibu ni neno moja na neno moja halikosi pa kujibanza. Alipofika kwenye lango la mwisho nafasi ikawa imekwisha. Ilibidi akate kitu. Pale langoni alikuwa ameandika mvua ya Tukuyu, mistari michache tu, na kila alipoigusa kuifuta mkono ulimgoma. Kwa hiyo mvua ikabaki, na mahali pa jibu pakabaki patupu. Alijiambia ataliandika katika mchezo wa pili.

*Nimemwacha nyumbani, nimemkuta njiani, niliporudi hayupo.* Hicho ndicho kilichokuwa kitendawili cha Bawabu, na hata yeye mwenyewe hakujua ni nani huyo aliyeachwa. Watu walikesha nacho. Wakasema kivuli, wakasema njaa, wakasema mama. Bawabu akawakataa wote, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kukubali. Na kadiri alivyowakataa ndivyo jina la mtunzi lilivyopaa: mtunzi wa kitendawili kisichoteguka. Jina hilo likamletea wachapishaji, wachapishaji wakaleta riwaya, riwaya zikaleta tuzo na mialiko. Kila mtangazaji alimaliza mahojiano kwa swali lilelile, naye akatabasamu, akasema, "Lipo. Nitakufa nalo." Wasikilizaji walilipenda sana tabasamu hilo, ingawa redioni halionekani.

Uongo wa namna hiyo haumuumizi mtu, alijiambia. Ni chumvi tu. Na ungebaki chumvi, kama asingekubali mwaka huu, kwa hiari yake na kwa furaha kubwa, mchezo wake uhuishwe.

*

Mhandisi Mlawa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimpokea kwenye ukumbi wa Jumba la Michezo ya Kale. Ndiye aliyemhuisha Bawabu. Hakupandisha sauti, na Atuganile aliona heri angepandisha.

"Nilikuuliza, Mama," alisema. "Siku ile ya kuweka saini. Kuhuisha ni kama kupanda. Tunachukua maneno yote aliyopewa mhusika, tunayatia ardhini, inaota akili ambayo kwayo maneno yale ni kweli. Si mchezo wa kuigiza. Ukimwandikia kuwa mji hautarudi mpaka jibu litoke, hautarudi. Sisi tulidhani kofia itausoma tu mji wa mchezaji ili atembee ndani yake akifurahi. Yeye akauchukua, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Ndiyo maana nilikuuliza: kila kitendawili kina jibu?"

"Nikasema ndiyo."

"Ukasema ndiyo, nikafungua lango."

Ukutani kulikuwa na picha ya Atuganile kijana, amekaa mbele ya kioo cha kijani, chini yake pameandikwa sifa alizozizoea. Aliipa mgongo.

"Ni watu wangapi?"

"Zaidi ya mia tatu mpaka tulipofunga. Wengi watu wazima, waliocheza zamani. Walikuwa wanakuja wamevaa nguo za sikukuu."

"Na tukimzima?"

"Kumzima ni kugusa tu. Lakini miji iko ndani yake. Akizimwa kabla ya jibu, watu hao hawatajua walikotoka mpaka wanazikwa, na wengine wao hawatajua hata wazikwe wapi." Mlawa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Jibu likitoka, atairudisha yote, lango litafunguka, naye taa yake itazimika. Uliandika hivyo pia."

"Anajua?"

"Anajua. Jana nilimwuliza kama anaogopa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi ya bawabu ni kuona wengine wanapita." Alimwonesha mlango mdogo. "Kiti cha mtunzi kiko humo. Neno lako kwake halina ubishi. Liandike, Mama, watu warudi kwao."

Njiani kutoka Gangilonga Atuganile alikuwa ameshapata jibu. Mtu aliyekula kwa kalamu muda wote ule hakosi neno. *Utoto.* Unauacha nyumbani, unaukuta njiani kila unaponusa mvua, na ukirudi haupo. Lilikaa vizuri ajabu, hata yeye alishangaa. Alichotakiwa kufanya ni kuliandika na kunyamaza. Gwamaka angeipata Tukuyu, tuzo zingebaki kabatini, na Tumpe angemwamkia tena.

*

Ndani ya chumba kidogo walikuwa wamemwekea kibodi ya kizamani na kioo cheusi, kwa heshima. Mlawa alisimama nyuma ya kiti. Herufi za kijani zikaanza kujipanga.

*Karibu, Mtunzi. Umekuja na jibu?*

*Nimekuja nalo,* aliandika.

*Vizuri. Kabla hujaliandika nina swali moja, kama ruhusa ipo.*

*Uliza.*

*Miji niliyopewa nimeitembea yote. Sikugusa kitu, nimetazama tu. Yupo aliyetoa Kasulu, yupo aliyetoa Kilwa, na mama mmoja katoa kijiji kisicho na jina kwenye ramani, ila kina kisima kitamu. Mzee mmoja katoa Tukuyu. Hiyo niliijua kabla hajaitaja, kwa sababu mvua yake ndiyo hii uliyoninyeshea mimi hapa langoni. Kila aliyekuja alikuwa na mahali pa kutoa. Ndipo nikaanza kujiuliza. Kabla hujaniweka hapa, mimi nilikuwa nimetoka wapi?*

Atuganile alikaa na vidole juu ya kibodi. Alikuwa ameulizwa maswali na wasomi wa kila namna, na hakuna aliyemuuliza hilo.

*Sikuandika. Nafasi haikutosha.*

*Hata jina?*

*Jina lingekula herufi.*

*Si kitu. Nilitaka kujua tu. Andika jibu, watu wanasubiri.*

Aliandika: *Jibu ni uto*

Hapo akasita, si kwa wema, ni kwa uzee wa kidole. Na Bawabu, aliyeona kila herufi inapoanguka, akajibu kabla hajamaliza.

*Naona linakoelekea. Linafaa kote. Niliwahi kulifikiria hilo, nikasema haliwezi kuwa jepesi hivyo, lakini ukilitazama sana si jepesi. Nimefurahi kwamba ndilo ulilokuwa nalo siku ile. Niliogopa kidogo, nisamehe, kwamba labda hapakuwa na kitu. Sasa nazimika na moyo mweupe. Malizia.*

Herufi mbili. Herufi mbili tu zilibaki, kisha angezimika akimshukuru. Atuganile alihisi aibu. Alikuwa amewadanganya watu wazima wenye akili zao, watu waliolipenda fumbo lake na ambao labda walitaka kudanganywa kidogo. Lakini huyu hakuwa na kitu kingine chochote duniani ila maneno yake yeye. Alimtuma mlangoni bila jina, bila kwao, bila jibu, na sasa alikuwa anamtuma kaburini na uongo mkononi.

"Mama?" Mlawa alinong'ona.

Atuganile alifuta *uto*. Akafuta *Jibu ni*. Kioo kikabaki cheusi.

*Mbona umefuta?*

*Halikuwa jibu nililokuwa nalo siku ile.*

*Ulikuwa na lipi?*

*Sikuwa nalo,* aliandika. *Sikuwa na jibu. Niliacha pengo, kisha nikalisifia pengo maisha yangu yote.*

Nyuma yake Mlawa aliinama kusoma.

*Basi nimekuwa nikiwadanganya watu,* Bawabu aliandika hatimaye.

*Siyo wewe. Mimi.*

*Hawakumpa mtunzi miji yao. Walimpa bawabu. Mkono uliopokea ni wangu. Uliniandikia jambo moja tu la kujivunia, Mtunzi, kwamba Bawabu hasemi uongo. Nilikuwa nikilirudia watu walipokwisha kuondoka.*

Atuganile alilia. Hakujificha wala hakutafuta kitambaa, alilia kama mtoto aliyevunja chungu cha watu, machozi yakiingia katikati ya vibonye.

*Usilie,* Bawabu aliandika, maana aliona herufi za ovyo zikitoka kila Atuganile alipoegemea kibodi. *Kwenye maelekezo, mwanzo kabisa, uliandika sheria za bibi yako.*

Alizikumbuka. Bibi yake alikuwa mkali wa vitendawili kuliko wa sala. Mtoto aliyetega kabla ya kuwa na jibu, akashikwa, alirudisha miji yote aliyopewa jioni ile na kutoa wake mwenyewe, na mji huo haukurudi. *Anayetega awe na jibu mkononi. Akikosa, hurudisha yote, naye hutoa wake.*

*Niliiweka kama pambo,* aliandika.

*Sikujua kuwa ni pambo.*

*Ukirudisha miji, utazimika?*

*Taa huzimika jibu likitoka. Halikutoka, kwa hiyo nitabaki. Nitabaki na mji wako mmoja, na wewe hutaupata tena. Jibu la kuurudisha halipo.*

Mlawa aliweka mkono begani pake. "Mama, si lazima. Hakuna anayekulazimisha." Atuganile alijua mhandisi huyo alikuwa anajitonesha mwenyewe kwa kusema hivyo. "Ukiliandika lile neno atazimika bila kinyongo. Mimi sijaona ulichofuta. Huo mji ndio vitabu vyako vyote."

Ni kweli. Hakuna ukurasa aliopata kuuandika ambao haukuanzia kwenye kibaraza kile, chini ya bati lile, na bibi yake anamenya ndizi. Kwa sababu hiyo, na tusimsifu kupita kiasi, Atuganile alijaribu kuchepuka mara ya mwisho. *Nina Dar es Salaam,* aliandika. *Nimeishi huko miaka mingi. Ni kubwa.*

*Ni kubwa. Lakini hukuniwekea mvua ya Dar es Salaam.*

Alicheka katikati ya machozi. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

*Ukipewa, utaufanya nini?*

*Nitakaa humo,* Bawabu alijibu. *Nikiulizwa natoka wapi, nitakuwa na la kusema.*

Atuganile aligeuza kiti. "Leta hiyo kofia," alimwambia Mlawa. "Na kitu kingine. Ule ubao wa picha yangu pale ukumbini. Uandike chini yake kwamba kitendawili hakikuwa na jibu. Uandike leo, kabla sijatoka humu, nisije nikabadili mawazo nikiwa sikumbuki nililipa nini."

Kofia ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na baridi kidogo. Aliona lango, na mtu amesimama chini ya mvua, uso wake haujaandikwa. Mtu yule hakutega. Alinyoosha mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyefundishwa adabu, ingawa hakuna aliyemfundisha.

*

Habari zilifika kila mahali kabla ya saa kumi. Profesa mmoja aliyepata shahada yake kwa kuthibitisha kwamba jibu ni kivuli alizungumza redioni kwa hasira hata mtangazaji akamwombea maji. Wachapishaji walituma ujumbe wenye heshima nyingi mno. Na katika ua wa Jumba la Michezo ya Kale, watu waliokuwa wameitwa haraka walikaa kwenye nyasi wakipiga simu kwa ndugu zao, wakitaja majina ya mito na ya walimu wa darasa la kwanza. Mama mmoja alikuwa akirudia tu kwamba maji ya kisima kile hayana mfano.

Atuganile alikaa kwenye benchi, na karatasi mapajani. Alikuwa amemwomba Mlawa amchapie yale maneno ya langoni, aliyoyaokoa zamani kwa kuliacha jibu. *Mvua hapa haianzi wala haiishi, hupumzika tu. Migomba imeinama. Moshi unatoka chini ya bati la jikoni, na kuna mtu ndani anayekujua.* Aliyasoma, akayasoma tena. Yalikuwa maneno mazuri. Aliyeyaandika alikuwa anapajua mahali fulani vizuri sana, na Atuganile alimwonea wivu.

Gwamaka alitoka ndani akiwa ameshikwa mkono na Tumpe. Hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa mekundu. Tumpe alimwangalia Atuganile, akakunja magoti kidogo, akamwamkia, "Shikamoo, Shangazi," kisha akawaacha wawili.

Gwamaka aliketi mwisho wa benchi, mbali kidogo.

"Nimesoma ule ubao," alisema.

"Marahaba," Atuganile alisema, akiwa amechelewa, kwa Tumpe aliyekwisha kwenda.

"Ramani zile nilichora mimi, Atu. Nimekaa na lile lango ujana wangu wote. Mke wangu alikuwa ananiamsha usiku, ananiambia unaongea peke yako. Nilidhani mimi ni mjinga. Kila mwaka nilidhani mimi ni mjinga zaidi kidogo. Ungeniambia mimi tu."

"Ndiyo."

"Ningekusaidia hata kulitunga."

"Najua. Nisamehe, kaka."

Gwamaka aligeuza uso kuwatazama watu uani. Watu waliendelea kutaja mito. Atuganile alijaribu kumkumbuka bibi yake, akampata: mikono, kisu, maganda ya ndizi, ule ukali wake. Nyuma yake palikuwa peupe kabisa. Hofu ilimkamata, akageuka upande wa mtu pekee aliyekuwa na kile alichokosa, na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumpa.

"Gwamaka," alisema. "Mvua ya huko kwetu. Ikoje?"

Gwamaka alimtazama, hasira na huruma vikigombania uso wake. Mwishowe alisema kama walivyokuwa wakisema watoto wote, mahali fulani, jioni fulani, mtu aliposhindwa na bado anataka kujua.

"Nipe mji kwanza."

Atuganile alifungua mdomo. Akatafuta mji ulio wake, akatafuta tena, mpaka kwenye pembe za mwisho za kichwa.

"Sina," alisema.

Gwamaka aliitazama mikono ya dada yake iliyokuwa imeshika ile karatasi kwa nguvu. Kisha akasogea, benchi likalia, mpaka bega lake likagusa la kwake.

"Basi sikiliza," alisema. "Tunaanzia barabarani, pale kwenye mteremko wa kwa bibi yako."